Kabla ya Kuilaumu Prosesa

Niliisikia kabla sijaiona. Krr, krr, krr-krr, kisha kimya kifupi, kisha krr tena, kama mtu anayetafuna mahindi makavu gizani na hataki kumgawia mwenzake. Ukungu wa Mbinga asubuhi ile ya Juni ulikuwa mzito mno. Lori liliponishusha stendi, hata begi nililolibeba sikuliona vizuri. Nilitembea kwa kufuata kuta, duka baada ya duka, nikipapasa milango iliyokuwa bado imefungwa. Sauti ile ilitoka nyuma ya mlango mmoja. Nilidhani ni panya ndani ya gunia. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Sukuma, halafu funga upesi. Ukungu unalowesha karatasi zangu."

Ndani kulikuwa na giza na mwanga mmoja tu, wa kioo cha kompyuta. Mbele ya kioo alikaa mdogo wake mama yangu, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta la marehemu mumewe, mikono ameifumbata kifuani, anasubiri. Hakugeuka.

"Kaa," alisema. "Imekwenda kutafuta barua ya mtu. Ikirudi nitakukumbatia."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na mashine ambayo ningeishi nayo karibu nusu mwaka nikiiombea kifo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kule Songea na matokeo yalikuwa hayajatoka. Wazazi wangu wanaishi chini ziwani, upande wa Liuli, na baba alikuwa ameona kwamba msichana anayesubiri matokeo kando ya maji ataishia kuyatazama maji tu. Ndiyo maana nikapelekwa juu milimani, kwa mama mdogo, nikamsaidie kazi ya kuchapa. Baba hakujua kwamba hata milimani kuna cha kutazama. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja, nalo lilielekea barabara ya stendi, na kila honi ilipolia mimi nilisimama. Nilitaka kwenda. Sikuwa na jina la mahali. Nilikuwa na riwaya kichwani ambayo nilikuwa nimeianza kwa kalamu na kuichana, nikaianza na kuichana tena, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba haisongi kwa sababu kalamu ni ya polepole, na mashine ya mama mdogo ni ya polepole, na Mbinga yenyewe ni ya polepole. Siku nitakapokaa mbele ya kitu chenye kasi, nilijiambia, maneno yatamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.

Mama mdogo alikuwa na jambo zito kuliko riwaya. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia kwa upole kwamba mjane hakai peke yake mjini. Arudi kwenye nyumba za ukoo, na mikahawa yake ya shambani wataitazama wanaume. Hakurudi. Alipanga chumba kile, akanunua kompyuta kuukuu kutoka kwa padri aliyekuwa akihama, na kwa kuchapa barua, mialiko ya harusi na ripoti za parokia akajilisha bila kumwomba mtu hata chumvi. Shemeji yake mkubwa hakuwahi kugombana naye. Siku za gulio alipita, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama ukuta, akatazama mashine, akasema, "Shemeji, siku kichumba chako kitakapochoka, nyumba ipo." Kisha akaenda zake.

"Anakuja kupima kaburi," mama mdogo alikuwa akisema akishamsikia amefika mbali, "na mgonjwa bado anakula."

Kilichomweka mjini hasa ni kampuni moja ya kununua kahawa. Zama zile ushirika haukuwa mnunuzi peke yake tena. Makampuni yalikuwa yamepanda milima kwa malori na mizani, kila moja na bei yake na makaratasi yake, na hii moja ilikuwa haijajenga ofisi ya maana Mbinga. Hati zake zilikuja kwenye disketi na zilichapwa kwa mama mdogo. Bila kazi hiyo, mialiko ya harusi isingetosha hata kodi ya chumba. Mama mdogo alilijua hilo, nami nilikuja kulijua, na shemeji mkubwa alilijua kuliko sisi sote. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua steshenari yenye kompyuta mpya, nyeupe pee, na alikuwa ameigeuza kioo kielekee mlangoni ili wapita njia waone picha ya samaki wanaoogelea wakati haina kazi.

Wiki ya kwanza nikiwa pale, karani wa kampuni alikuja. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, na alimwita mama mdogo "mama" kwa namna ya mtu ambaye amekula ugali wake mara kadhaa.

"Mama, kuna habari. Ofisi kuu wamehamia programu mpya ya kuandikia. Wameongeza na majedwali, na vichoro, na nembo ya rangi. Msimu huu ukiisha kila nitakachokuletea kitakuwa cha huko. Na bosi anataka nikija, kifunguke, kichapwe, niondoke nacho. Hataki karatasi zake zilale nje."

"Zikilala kwangu zitashika mimba?"

"Mama!"

"Nauliza. Haya, zitafunguka."

Alituachia disketi za programu ile mpya na hati moja ya majaribio. Tuliiweka programu jioni hiyo. Tulipoifungua hati, mashine ilianza kusaga, krr, krr, na mama mdogo akaenda kununua mafuta ya taa, akarudi, akanikuta nimeegemeza kidevu mezani, na kioo ndiyo kwanza kinaonyesha nusu ya nembo.

Fundi alitoka Songea. Alizunguka wilaya nzima na sanduku la bisibisi, redio, runinga na kompyuta zote zikiwa wagonjwa wake, na alipofungua mashine yetu alipiga mluzi kama mtu aliyekutana na mzee wa kijijini kwake.

"Mama, nisikufiche. Prosesa hii imezeeka. Huu ndio ubongo. Hata uilishe nini, kufikiri kwa kasi haitaweza tena. Tubadilishe prosesa. Na ukibadilisha prosesa, bodi inayoishika haitaifaa, kwa hiyo na bodi. Na bodi ikiwa mpya..."

"Tubomoe na ukuta?"

"Nakwambia ukweli, mama."

"Yuko sahihi, mama mdogo," nilisema. Moyo wangu ulikuwa ukidunda. "Tubadilishe. Inachelewa mno."

Akanigeukia. "Hata wewe asubuhi unachelewa. Nimekubadilisha?"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mimi sikucheka. Nilijua kuna kahawa. Mama mdogo alikuwa na mikahawa yake juu kule kijijini Ruanda, ameing'ang'ania dhidi ya ukoo mzima, na mavuno ya mwaka ule yangekaa stoo mpaka aamue mwenyewe. Wengine waliuza lori la kwanza lilipopiga honi. Yeye alikuwa akisubiri, si bei tu. Alikuwa akisubiri kujua ile kahawa ni ya kazi gani. Ilikuwa ya kutosha kufanya jambo moja kubwa. Akiitupa kwenye prosesa na tatizo likawa si prosesa, atakuwa hana kahawa, na kazi ya kampuni itavuka barabara, na shemeji atakuja siku ya gulio na kofia mkononi.

Fundi alipoondoka, mama mdogo alinikalisha.

"Umeliona shamba la ngolo la bibi yako?"

Nani hajaliona? Kilima kizima kimegawanywa mashimo kama sega la nyuki, majani yamelazwa kwenye kingo na kufukiwa, ili mvua inywewe na udongo usikimbilie bondeni.

"Mavuno yakipungua mwaka mmoja, jirani atasimama kwenye njia aseme ardhi imechoka, hama. Jirani halimi shamba lako. Kwanza unafukua kingo utazame majani, yameoza au hayakuoza. Halafu mbegu. Halafu unamtazama aliyelima, kama alikuwa amelewa. Ukimaliza wote hao na hakuna mwenye kosa, ndipo unailaumu ardhi. Ardhi ni ya mwisho, kwa sababu ukishaihama umeihama."

"Kompyuta si shamba."

"Ndiyo. Shamba halinijibu hovyo. Wewe kazi yako ni hii: kila inapochelewa, nieleze imechelewa *namna gani*. Usiniambie imechelewa. Hilo naliona."

Nilikasirika. Nilikuwa na umri ambao kungoja ni kungoja, hakuna namna. Lakini dirisha lilikuwa limejaa ukungu, mabasi hayakuonekana, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kukaa na mashine ile na kuisikiliza. Na baada ya siku nyingi za kuisikiliza kwa hasira nikaanza, bila kupenda, kuisikia.

Kulikuwa na kungoja kwa kelele. Diski ilisaga, taa nyekundu mbele ilipepesa kama jicho lenye mchanga, na kioo hakikusogea. Kulikuwa na kungoja kwa kimya: taa imetulia, hakuna kinachosaga, na bado herufi niliyoibonyeza haiji, kisha inakuja. Kungoja kwa kelele kulikuwa kwingi. Kwa kimya kulikuwa kwa nadra, kwenye vichoro na rangi tu. Na kulikuwa na kitu cha tatu, kibaya zaidi, ambacho kilitokea mara mojamoja: kuganda kabisa. Hapo hakuna kungoja tena. Unazima, unaanza upya, na barua ya mtu imepotea.

Padri alikuwa ameacha kijitabu cha mashine ndani ya boksi lake. Nilikisoma kwa kamusi. Kilieleza kwamba kompyuta yenye memori ndogo ni kama mpishi mwenye meza ndogo: ana mikono myepesi, lakini kila anapotaka kukata kitunguu lazima ashushe sufuria sakafuni, na kila anapoitaka sufuria lazima ashushe kitunguu. Anaonekana mzembe. Kumbe muda wote anainama na kuinuka. Kule kusaga kulikuwa ni kuinama.

Nilimweleza fundi aliporudi. Alikuna kichwa.

"Hapo ni kweli," alisema. "Diski ikisaga hivyo, ni memori. Lakini prosesa pia, mama, mimi nasema..."

"Meza kwanza," alisema mama mdogo.

Fundi alituletea memori aliyoitoa kwenye mashine iliyopigwa na radi huko Songea, iliyokufa kila mahali isipokuwa hapo. Aliipachika, akafunga, akawasha. Ule usagaji ukapungua mpaka nikahisi chumba kimekuwa kikubwa. Hati ya majaribio ilifunguka mama mdogo akiwa bado amesimama na kanga ya kutokea mkononi. Aliitundika tena kanga kwenye msumari. Jioni ile tulikula samaki.

Mimi nilikula kwa huzuni. Sikuwa nimeisaidia ili ipone.

Mwezi wa kumi tuliteremka ziwani. Walimu wakuu wa shule kadhaa za kandokando ya Nyasa walikuwa wameungana kutunga mitihani yao ya mwisho wa mwaka, na hawakutaka maswali yasafiri kuja Mbinga, maana maswali yakisafiri hufika kwa wanafunzi kabla ya kufika kwa mchapaji. Walitaka mchapaji na mashine waende wao. Mama mdogo alikubali. Tuliifunga kompyuta katikati ya magodoro mawili, tukapanda lori la mchele, na kila lilipokata kona kwenye ule mteremko mrefu, baridi ilibaki nyuma yetu kipande kwa kipande. Tulivua sweta. Tukavua kitenge cha juu. Tulipoliona ziwa, jeupe kwa jua, jasho lilikuwa limefika kwenye visigino.

Tulipewa chumba cha stoo katika shule moja. Mwalimu mkuu wake, mzee mnene mwenye sauti ya kuhesabu namba, alipigilia mbao madirishani kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango, akakaa nje kwenye kiti akiwa amelala na fimbo mapajani. Hakuna atakayechungulia. Jenereta ilinguruma nyuma ya choo. Ndani tulikuwa sisi wawili, meza, na joto lililokaa nasi kama mtu wa tatu.

Asubuhi kazi ilikwenda. Jua lilipopanda, mashine ikaganda. Tukazima, tukawasha, ikaandika maswali ya hisabati, ikaganda. Tukapoteza jiografia yote. Mwalimu mkuu aliingia akijifuta shingo.

"Mama, kwani hiki ni kitu cha enzi gani? Hiki si kiliandika tangazo la uhuru?"

"Mwalimu, wewe na yeye nani mkubwa?"

"Mimi sigandi."

"Tulikuona pale kitini."

Alitoka akicheka, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kushinda. Nilisema, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, kwamba sasa hakuna tena la kufukua: memori ni kubwa, diski haisagi, na bado inakufa. Ni prosesa. Fundi alisema, na padri aliijua ndiyo maana akaiuza, na sisi ndio tuliobaki tukiibembeleza. Nilisema kwamba kuna vitu vimechoka na ni dhambi kuvilazimisha. Nadhani sikuwa nikizungumzia kompyuta peke yake. Nyumbani kwetu kulikuwa si mbali na pale. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kumsalimu baba, na kwenye ile njia ya mchanga nilikuwa nimehisi nikirudishwa nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka nikawa mtoto anayebeba ndoo.

Mama mdogo alikuwa akikitoa kitambaa juu ya boksi la mashine ili akung'ute mchanga uliokuwa umeingia kutoka kwenye dari.

Kitambaa kile bibi alikifuma mwenyewe, kwa sindano moja, nyuzi nyeupe na waridi la buluu katikati. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kiti cha wageni kina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kompyuta ilivalishwa siku ile ile iliponunuliwa, na kwa kuwa bibi hakupima, kilining'inia mpaka nyuma, kikafunika tundu zote za feni. Ilifanya kazi imevaa. Tuliinua pembe ya mbele tu, kama mtu anavyomfunua bibi harusi uso. Milimani hakuna aliyejua, maana baridi ya Mbinga ilikuwa ikiisamehe mashine kila siku.

Mama mdogo alikiinua, na joto lililotoka chini yake lilimfanya arudi nyuma hatua.

"Yesu na Maria," alisema. "Tumeifunika kama mkate."

Tuliweka viganja. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kutovumilika. Alifungua skrubu kwa kisu cha mwalimu mkuu, na ndani, juu ya ile prosesa niliyoihukumu, feni ndogo ilikuwa imevaa sweta la vumbi: unga, nyuzi, makapi membamba ya kahawa ya Mbinga, vyote vimeshikana. Ilikuwa ikijaribu kuzunguka. Niliomba unyoya wa kuku kwa mke wa mwalimu, na mama mdogo akaisafisha taratibu, akipuliza, kama anayemsafisha mtoto sikio.

"Na mimi ndiye niliyelima," alisema. Alikuwa akicheka kwa ndani, mabega yakitetemeka. "Nimemtafuta mlevi msimu mzima, kumbe ni mimi na mama yangu."

Aliikunja kazi ya bibi, akaitia kwenye mkoba. Tulichapa jiografia upya, sayansi, Kiswahili, siku zote zilizobaki, jua likiwa utosini, na mashine haikuganda tena. Mwalimu mkuu aliisalimu kila alipoingia. Mimi nilikuwa nikichapa haraka na kwa chuki. Ilikuwa imeachiwa huru mara ya pili, na kila ilipoachiwa, safari yangu ilirudi nyuma. Maana nilikuwa nimejiwekea ahadi ya kipuuzi kwamba mashine ikihukumiwa, mimi ndiye nitakayetumwa Songea kuifuata mpya, na nikishafika Songea nitaona basi la mbali zaidi.

Tulirudi Mbinga mvua za kwanza zikigonga bati. Matokeo yangu yalikuwa yametoka: nilikuwa nimefaulu kidogo, kiasi cha kutofungua mlango wowote na kutofunga wowote. Barabara iligeuka matope mekundu. Nilisimama dirishani zaidi kuliko nilivyokaa.

Karani alikuja asubuhi moja na disketi ya kwanza ya kweli.

"Mama, ndiyo hii. Nangoja."

Mama mdogo aliitia mwenyewe. Mashine ilikuwa uchi, safi, ya baridi; nilikuwa nimeipangusa jana yake. Hati ilianza kufunguka. Kichwa cha habari kikaja. Jedwali likaja. Kisha vile vichoro vya bei, vya rangi, kimoja baada ya kingine, na kioo kikaanza kujichora mstari kwa mstari, kutoka juu, kama mtu anayekumbuka ndoto.

Diski haikusaga. Taa nyekundu ilikuwa imetulia. Feni ilizunguka kwa wepesi. Niliweka kiganja juu ya bati: halikuwa la moto. Nilimtazama mama mdogo, naye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Kulikuwa na mvua nje na matone ya maji kutoka koti la karani, na katika mashine hakukuwa na sauti yoyote ya kujitetea. Ilikuwa ikifanya yote iliyoweza. Ilikuwa na meza kubwa, imepungiwa upepo, haikusingiziwa na mtu. Ilikuwa ikifikiri, basi, na kufikiri kwake kulikuwa kumefika mwisho.

Karani alitazama saa, akatazama dari, akatazama ng'ambo ya barabara. Akarudisha macho upesi, kwa heshima.

Ilifunguka. Ikachapwa, ukurasa mmoja mmoja, na kila ukurasa ulipita katika kimya kile tena. Alizikusanya karatasi ndani ya koti.

"Mama, mimi sina neno. Ila safari ijayo nakuja na mkubwa wangu, si Jumatatu hii, ni ile inayofuata. Yule si mtu wa kukaa."

"Mwambie aje. Atakuta uji tu, hakutakuwa na kungoja."

Karani alipokwenda nilitegemea kwamba mama mdogo atanipa mimi neno la kusema. Nilikuwa nalo tayari, prosesa, limekaa mdomoni tangu Juni. Lakini halikutoka. Nilikuwa nimeisikiliza ile mashine kwa muda mrefu mno. Nilijikuta nimeweka mkono juu yake kama unavyomwekea mgonjwa.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hicho." Alivuta pumzi. "Basi ni ardhi. Fundi alikuwa sahihi, ila alifika kabla ya wakati. Ningemsikia siku ile ningekuwa na ubongo mpya chini ya kitambaa cha mama, nao ungeiva vilevile."

Kesho yake aliuza kahawa. Alichagua mnunuzi kwa kuwaita wawili kwa saa moja, wakutane mlangoni, na hakuiuza kwa yule aliyepiga honi. Jioni nilipakia begi langu: nguo, kalamu, karatasi zilizochanwa na zisizochanwa. Nilijua lori la Songea linaondoka alfajiri. Nililala nikiwa nimevaa viatu.

Nilipoamka alikuwa ameshawasha taa. Kompyuta haikuwa mezani. Alikuwa ameifunga ndani ya kitenge chake kizuri kuliko vyote, na mkoba wake mwenyewe umekaa juu.

"Mama mdogo, mimi niko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kuipeleka. Songea."

Alilitazama begi langu. Akatazama viatu. Nikaona kwamba alikuwa amejua nia yangu tangu siku ya ukungu.

"Mafundi wa mjini wakifungua kitu usipokuwepo, wanatoa kizima wanatia kibovu. Hii naifuata mwenyewe. Nataka nimwone fundi akiipachika prosesa mpya, nimwambie feni aiweke wapi, na nikatazame ile ya zamani inatoka na sura gani." Akajifunga kanga. "Na leo ni gulio. Shemeji atapita. Akikuta kufuli atakwenda kusema kichumba kimekufa. Akute mtu."

"Na nimwambie nini?"

"Shikamoo. Zaidi ya hapo ana macho." Alinyanyua kitenge chenye mashine, akakipakata kama mtoto, kisha akanionyesha kwa kidevu meza iliyobaki tupu, mahali palipokuwa na alama ya mraba safi katikati ya vumbi. "Unalalamika kila siku kwamba ile ndiyo inayokuchelewesha. Haya. Leo haipo."

"Mama mdogo..."

"Ukitaka kwenda, nenda nikisharudi. Utanieleza unakwenda *namna gani*. Usiniambie unakwenda. Hilo naliona."

Nje honi ililia, na kwa mara ya kwanza sikusimama. Nilikuwa nimekaa mbele ya ule mraba safi, nikiwa na karatasi, kalamu, meza nzima, na hakuna cha kukilaumu. Aliusukuma mlango kwa bega, ukungu ukaingia kidogo, akasema karatasi zitalowa, na akaufunga nyuma yake.